Tumbo la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alihara wiki tatu nzima na mimi nikawa mtu wa mwisho kujua, ingawa choo nilikuwa nakiosha mimi, maji nilikuwa nachota mimi, na lawama zilipofika zilikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Naandika haya waziwazi kwa sababu aibu ndiyo iliyotaka kumuua yule mzee. Figo zilisaidia tu.

Nianze na hizo figo, basi. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi huko Bungoma, mtu mrefu wa koti na redio, ambaye wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, wakisikia akikohoa walikuwa bado wanaficha sigara. Presha ilimharibia figo zote mbili polepole bila yeye kumwambia mtu. Tulipopata habari, miguu ilikuwa imevimba na alikuwa akipumua kama aliyebeba gunia. Madaktari wakasema damu yake itabidi isafishwe na mashine mara mbili kwa wiki, maisha yake yote. Mashine ya karibu wakati huo ilikuwa Eldoret. Kutoka kwao Bungoma safari ilimchosha. Kutoka kwetu Kitale ilikuwa afadhali. Kwa hivyo mume wangu akaamua babake aje akae kwetu. Aliamua Jumapili. Jumatatu asubuhi akarudi kazini Suam, mpakani, ambako alikuwa karani wa kupitisha malori ya mahindi, na nyumbani alikuwa akija wikendi tu. Mimi nikabaki na mtoto wa miezi mitano, mzee wa miaka sitini na nane, na karatasi ya hospitali yenye vyakula vilivyokatazwa.

Sasa, mimi nimezaliwa Saboti, kwa wazazi waliotoka mkoa wa Kati wakanunua shamba huko. Kwetu, baba mkwe ni mtu unamsalimia kwa mkono, unamwekea chai, mnabishana siasa mpaka chai inapoa. Kwa kina mume wangu, sivyo. Kule mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana mpaka heshima inakuwa shida. Hampeani mkono. Hamkai chumba kimoja. Hamlali chini ya paa moja. Humwangalii usoni, naye akitaka kukuambia kitu anatafuta mtu wa kupitishia. Nikiwa kidato cha nne nilidhani hizo ni hadithi za bibi. Nilipoolewa nikakuta ni sheria, na haina likizo.

Tulikuwa tunakaa kwenye ploti ya nyumba za kupanga, mlango wetu ukiwa wa tatu. Kwa vile mzee hangeweza kulala kwetu, tulimchukulia chumba cha nne. Katikati palikuwa na ukuta mwembamba hivi kwamba nilimsikia akigeuza kurasa za gazeti. Lakini kuongea naye, ng'o. Alikuwa akisimama nje ya mlango, amenipa mgongo, na kumwambia mtoto wangu, ambaye alikuwa hajui hata kuketi:

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako chai imefika baridi."

Nami, na mtoto huyohuyo mgongoni, hatua mbili kutoka alipo:

"Mwambie Kuka chai ilifika moto. Ni yeye alikuwa kwa redio." Kuka ndiyo babu kwa lugha yao, na sote tulimwita hivyo, kupitia kwa mtoto.

"Mwambie mama yako habari ya saa saba haingoji chai."

"Mwambie Kuka chai pia haingoji habari."

Mtoto anapuliza povu la mate. Kikao kimefungwa.

Choo cha ploti kilikuwa kimoja, mwisho wa ua, na bomba la maji lilikuwa hapohapo kando yake, na karai langu la nepi kando ya bomba. Mwenye mtoto mchanga anaishi kwenye karai. Na baba mkwe hawezi kumpita mke wa mwanawe akielekea chooni. Ni kama kupiga mbiu. Basi mzee akitokeza mlangoni na kuniona nimeinama pale, alikuwa akijifanya ametoka kuangalia mawingu. Anatazama juu, anakohoa, anarudi ndani. Baada ya dakika kumi anatoka tena, mawingu, kikohozi, ndani. Nilidhani mzee anapenda sana hali ya hewa. Hata nilimwambia mume wangu kwa simu, "Baba yako anangoja mvua kwa hamu." Mungu anisamehe.

Ukweli niliupata kwenye kisiagi cha unga, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimepeleka mahindi, na mama mwenye kisiagi, mwanamke aliyezoea kuongea kushinda mtambo, akaniuliza mbele ya foleni nzima:

"Mama Mtoto, mzee wenu amepata nafuu ya tumbo?"

"Tumbo gani?"

"Ai! Si yeye ndiye anakujanga kwa choo yetu? Hii ni wiki ya tatu. Mzee wa adabu, bana. Anabisha, anasema samahani, anakimbia."

"Anakimbia?"

"Anakimbia na koti."

Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema, "Hata mimi nimempisha jana. Ukiona anakuja ameshika kofia mkononi, unajua hiyo si ya kusalimia."

Kumbe mtaa mzima ulijua. Mzee wa figo mbovu, ambaye hata kupanda ngazi kulimshinda, alikuwa akivuka barabara ya malori mara nane, mara kumi kwa siku, ili mke wa mwanawe asijue kwamba na yeye ana matumbo. Nilirudi nyumbani na unga na hasira. Nilihamisha karai siku hiyohiyo, nikalipeleka nyuma ya nyumba, nikamtangazia mtoto kwa sauti ya mkutano wa injili:

"Mwambie Kuka choo sasa ni chake peke yake! Sisi tumehama!"

Upande wa pili wa ukuta, redio ikazimwa. Halafu mlango. Halafu miguu, mbio.

Habari zilifika Bungoma kabla nepi hazijakauka. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Bungoma, na aliongea kama anayekugonga muhuri. Akanipigia.

"Unampatia Papa nini?"

"Kile hospitali ilisema."

"Hospitali ilisema ahare?"

"Hospitali ilisema viazi nichemshe mara mbili, yale maji nimwage. Mboga vilevile. Ndizi hakuna, nyanya hakuna, maharagwe hakuna. Maji ya kunywa ni ya kupima na kikombe."

"Hiyo si chakula, hiyo ni kifungo. Ndiyo maana tumbo imekataa."

Jumamosi akaja mwenyewe na chungu cha mboga za kienyeji zilizolainishwa kwa munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu. Hospitali ilikuwa imeniambia wazi kwamba munyu unaweza kumsimamisha mtu wa figo moyo. Nilimwaga chungu chote kwenye shimo la takataka, yeye akiona. Sitaandika alichosema. Nilichojibu mimi pia sitakiandika, mtoto wangu atakuja kujua kusoma.

Mume wangu naye alimpeleka babake kwenye kakliniki ka mtaani, wakampima, wakampata na amiba. Kitale ya miaka ile hukuweza kupimwa ukakosa amiba. Hata aliyeingia kuuliza njia alitoka nayo. Mzee akapewa vidonge vya amiba, akahara. Wakampata na taifodi pia, akapewa vidonge vya taifodi, akahara. Mama mkwe akatuma majani ya mpera kutoka Bungoma, yakachemshwa, mzee akanywa kikombe baada ya kikombe nje ya kipimo chake cha maji, akahara na kuvimba.

Siku za mashine mimi ndiye nilimsindikiza, kwa gari la jirani. Yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mtoto, uso dirishani. Daktari wa figo alikuwa msichana tu, labda amenizidi miaka mitatu. Alimpima uzito, akampima tena, akakunja uso.

"Mzee, tumbo linaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

"Nimesikia unahara."

Kuka akatazama dari. Kisha akamgeukia mtoto wangu. "Mwambie daktari kuna watu hapa."

"Watu gani?" daktari akauliza.

Nikainua mkono. "Ni mimi."

"Kwani mmekosana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

"Mbona inakaa vibaya hivi?"

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikaweka sikio. Yule mzee alimwambia daktari kwamba yuko sawa kabisa, shida ni kwamba mke wa mwanawe anafunga milango kwa nguvu. Basi. Daktari mwenyewe alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho, angemwambia nini?

Baadaye daktari akanifuata kwenye korido. Hapo hakuwa anacheka.

"Mama, nataka kujua kitu kimoja. Kuna damu kwenye choo chake? Akiwa kwenye mashine tunampa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mipira. Kama ana kidonda matumboni, hiyo dawa inamtoa damu zaidi. Kila tukimsafisha tunamuua kidogo. Na tukiacha kumsafisha, figo zitamuua. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nikasema nitauliza. Yaani, nikatia lile swali kwenye mtambo wa familia. Mimi nilimuuliza mume wangu huko Suam. Mume wangu hangeweza kumuuliza babake jambo kama hilo, maana babake alikuwa amemfundisha darasa la saba na bado alimwogopa, kwa hivyo alimpigia dada yake. Dada akamuuliza mama yao. Mama mkwe ndiye pekee aliyeongea na Kuka, kila jioni, kwa ile simu ndogo tuliyokuwa tunaita mulika mwizi. Jibu likarudi njia ileile, likachukua siku nne kufika kwangu: "Baba anaendelea na choo vizuri."

Nikampelekea daktari jibu hilo kama lilivyokuja. Wakamweka kwenye mashine pamoja na ile dawa. Kabla ya saa moja kuisha presha ikaanguka, macho yakageuka, na sista wakaja mbio wakampandisha miguu juu. Blanketi lilianguka. Niliona nyayo za baba mkwe wangu, nyembamba, soksi moja ikiwa imetoboka kidoleni. Najua sikupaswa kuziangalia. Niliziangalia mpaka aliponyanyua kichwa.

Wiki hiyo nikaitwa Bungoma. Kikao cha familia. Ajenda: mapishi yangu.

Mume wangu alibaki Kitale na babake, mimi nikaenda na mtoto. Ndugu za Kuka watatu walikuwa wameketi barazani na fimbo zao. Sasa, shida ni kwamba ndugu wa baba mkwe pia ni baba wakwe. Sikuweza kukaa nao wala kuwatazama. Kwa hivyo mshtakiwa aliwekwa jikoni, mlango nusu wazi, pamoja na mama mkwe na kuku mmoja aliyekuwa analalia mayai, na Wifi akasimama katikati kama spika.

"Muulize mke wa mwana wetu," mzee wa kwanza akaanza, "ni kweli viazi anachemsha mara mbili?"

"Ni kweli!" nikaita.

"Tumesikia, lakini muulize kwanza."

Wifi akaingiza kichwa jikoni. "Wanauliza ni kweli?"

"Ni kweli."

Akatoa kichwa. "Amesema ni kweli."

"Ala! Sasa mara mbili ni kupika ama ni kufua?"

Wakacheka kidogo. Wa pili akataka kujua kama kwetu Saboti hatuna mboga. Wa tatu akasema yeye hana neno, ila aliwahi kula kwa watu wa kwetu na akalala njaa. Kila swali lilikuja jikoni kwa miguu na kila jibu likarudi kwa miguu, na mimi nilikuwa nimebeba mtoto anayeota jino. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga kana kwamba hayupo.

"Mayi, Kuka alikuambia nini kuhusu hilo tumbo? Neno lenyewe."

Akamwangalia kuku. "Alisema anaona damu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na wewe ukamwambia nani?"

"Huyu." Akamwonyesha Wifi kwa kisu cha mboga. "Lakini sikusema damu. Nitamwambiaje mtoto damu ya babake? Nilisema choo kina rangi."

Wifi akaingia mzima jikoni. "Na mimi ningesemaje? Nilikuwa ofisini, mabosi wanasikia! Nitasimama hapo niseme choo kina rangi? Nilimwambia ndugu yangu tu kwamba choo kimebadilika."

Nikampigia mume wangu papo hapo. "Dada yako alikuambia nini?"

"Ati choo cha Baba kimebadilika."

"Na mimi ukaniambia ni kizuri!"

"Si nilidhani kimebadilika kikawa kizuri?"

Nikakata simu. Huko nje mzee wa kwanza alikuwa bado anaendelea. "Sasa muulize, je, hivyo viazi..."

"Usiniulize! Nasikia!"

Nikatoka barazani na mtoto mkononi. Wazee watatu walinigeuzia mgongo kwa pamoja, mmoja akageuka na kiti chake. Nikahutubia migongo mitatu.

"Ndugu yenu anatoka damu! Wiki ya nne! Alisema, na nyinyi mkaipiga pasi hiyo habari mpaka ikanyooka! Mimi nilienda kumwambia daktari ati iko vizuri, na kwa sababu hiyo juzi alitaka kufia kwenye mashine, mimi nikiona! Kiazi hakitoi mtu damu! Hata ukikichemsha mara mia!"

Kuku akalia jikoni. Kisha mgongo wa katikati ukasema, taratibu:

"Mwambieni aende. Aende haraka."

Nilimpigia daktari nikiwa njiani kurudi. Akashtuka, akasema mashine ijayo watafanya bila ile dawa, lakini damu peke yake haimwambii kitu. Anataka kujua ilianza lini, mara ngapi, nyingi kiasi gani, imechanganyika ama imetangulia, maumivu yako wapi. "Nikimuuliza atakataa tena," akasema. "Nawe utamuulizaje?"

Nilifika Kitale, nikaketi upande wangu wa ukuta. Upande wa pili gazeti linageuzwa. Ndipo nikamfikiria yule mwalimu mkuu. Miaka thelathini, mambo yote mabaya ya shule ile, paa lililoezuliwa, mwalimu mlevi, choo kilichobomoka, alikuwa hayasemi mbele ya mtu. Alikuwa anayaandikia ofisi ya elimu. Nikaenda dukani nikanunua daftari na kalamu. Ya buluu, nyekundu niliona ni matusi. Nikaviweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nikabisha, nikarudi nyuma hatua zangu za heshima.

"Mwambie Kuka daktari anataka ripoti. Ya tumbo. Kwa maandishi. Kabla ya Jumanne."

Gazeti likaacha kugeuzwa. Nikadhani nimevuka mpaka.

"Mwambie mama yako," sauti ikatoka, "hiyo ripoti ni tangu muhula uanze?"

"Mwambie Kuka ni tangu siku ya kwanza!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukachukua daftari.

Jumatatu jioni bahasha ilikuwa kwenye kigoda, imefungwa kwa gundi, imeandikwa "Kwa Daktari. Siri." Nikaifungua. Nani hangeifungua? Nilikuwa nimeshtakiwa kwa sababu ya kilichomo. Alikuwa amepiga mistari kwa rula. Tarehe, saa, rangi, wingi, maumivu, na mwisho kabisa, maoni ya jumla. Siku ya pili: "Hairidhishi." Siku ya tano: "Imeshuka kuliko jana." Siku ya nane aliandika, "Mara kumi na moja. Nidhamu hakuna." Siku aliyogongana na pikipiki akivuka kwenda kisiagini: "Nilichelewa. Suruali." Suruali peke yake, na nukta. Na chini ya ukurasa wa mwisho: "Chakula cha nyumba hii hakihusiki."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu nikafuata ile safu ya rangi kwa kidole kutoka juu mpaka chini, nikaona neno damu linavyoanza mara moja moja, halafu kila siku, halafu kila mstari, nikaacha kucheka.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amefunika mdomo. Wa pili akauondoa mkono. Hakumaliza wa tatu, aliita kitanda. Wakamlaza siku hiyohiyo, wakamweka kwenye mashine bila ile dawa, na siku mbili baadaye wakampitisha kamera kwa njia ya nyuma. Daktari alipomweleza kamera itaingilia wapi, Kuka aliomba kwanza mjukuu atolewe chumbani. Waliona vidonda matumboni, vingi, wakachukua kipande kidogo cha nyama kikapelekwa Nairobi kupimwa.

Majibu yalikuwa ni kirusi. Daktari aliniandikia jina la kirusi chenyewe. Nilianza kulisoma nikiwa kwenye ngazi, nikalimaliza nikiwa getini.

"Watu wengi sana wanacho," alinieleza. "Wanakipata utotoni, kinalala mwilini, hakimsumbui mtu. Lakini mwili ukichoka, kama wa mtu wa mashine, kinaweza kuamka. Kwa mzee kimeamkia matumboni. Si jambo tunaloliona mara kwa mara."

"Kwa hivyo si amiba."

"Si amiba."

"Na si viazi."

"Viazi?"

"Niandikie, daktari. Kwamba si viazi. Na ugonge muhuri."

Aliniangalia, akaona sichezi, akaandika. Akagonga. Karatasi hiyo nilimtumia Wifi ofisini kwake.

Lakini miaka ile ukitaja virusi, watu walijua kitu kimoja tu. Nilipopiga simu Bungoma nikasikia Wifi akivuta pumzi. "Papa? Mwalimu mkuu?" Nyuma yake mama mkwe aliketi chini, nikasikia kigoda kikilia. Ilibidi nipige kelele kwamba hicho kingine walikwisha kumpima, hana, hiki ni tofauti. Mmoja wa wale wazee akanyang'anya simu, akasahau kabisa kwamba hapaswi kuongea nami.

"Kwani viko vingapi?" akauliza. Kisha akakumbuka, akakata.

Dawa ilitoka Nairobi, ikawa inaingia kwa mshipa kila baada ya mashine. Daktari alinionya kwamba huenda tumechelewa. Nami nikamwamini, maana siku nane za kwanza mzee hakula. Nilipeleka bakuli, nikarudi na bakuli. Nikaketi kando ya kitanda, mgongo kwa mgongo, pazia katikati, nikisikiliza kama anapumua. Sista aliniambia, "Mama, dawa tumempa. Lakini mtu asiyekula hatumsaidii." Mume wangu alikuja, akasimama, akalia, akarudi Suam. Uzito ukashuka tena. Usiku nilikuwa nikiamka nyumbani, nasikiliza ule ukuta, na hakuna gazeti linalogeuzwa.

Siku ya tisa mtoto aliamka na homa ya jino, nikamwacha na mama mkwe aliyekuwa amekuja Kitale kunisaidia. Nikaenda hospitali peke yangu. Niliweka bakuli kwenye kabati la kitanda, nikaketi, nikageuka kama kawaida. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Sista hakuwepo.

Nikasikia kijiko. Kikagonga bakuli mara moja. Kikatulia. Kikagonga tena, tena, tena. Kisha kikasimama, na kikohozi kile cha kuficha sigara kikaja, mzee akizungusha macho wodini, najua, akitafuta mtu wa kupitishia. Hakukuwa na mtu.

"Wewe," akasema.

Nilidhani anaongea na mgonjwa mwenzake.

"Wewe, mama. Hivi viazi havina chumvi."

Nikageuka, nikasogeza pazia. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu na sikuwa nimewahi kuona macho yake. Yalikuwa madogo, ya njano kidogo, na yana hasira.

"Hospitali imekataza chumvi," nikasema.

"Hospitali haili hii."

"Na hizo siku nane ulikuwa unangoja chumvi?"

"Nilikuwa mgonjwa!"

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa. Mtu mwenye njaa ana ulimi."

"Mwenye ulimi angesema damu wiki ya kwanza!"

"Kwa nani? Kwa karai la nepi?"

"Ungesema hata kwa karai! Karai lingeniambia kuliko familia yako!"

Mgonjwa wa pili akaamka, akaketi, akatutazama kama anayetazama mpira. Sauti zetu zilikuwa zimepanda mpaka sista akaja mbio kutoka korido, glavu moja mkononi.

"Kuna nini hapa?"

"Hakuna," tukasema wote wawili.

Nikanyoosha mkono kuondoa bakuli. Akalivuta kifuani.

"Sijamaliza," akasema.